Mkungu wa Aliye Mbali

Jumapili iliyopita nilisali Kanazi, na baada ya misa tukabaki uwanjani kwa mnada wa mavuno. Kila familia huleta ilichojaliwa, iwe maharage, kuku au ndizi, na safari hii mapato yanakwenda kuezeka wodi ya wazazi pale zahanati. Mnadi akimtaja mtoaji, mtoaji husimama akapigiwa makofi. Wapo waheshimiwa wanaosimama hata kabla ya kutajwa!

Mama mmoja mzee aliyeketi mbele yangu alipeleka mkungu mnene wa ndizi, akamnong'oneza mnadi, kijana mgeni kutoka Biharamulo. Mnadi akapaza sauti, akataja jina la mwanamume. "Ndiye aliyetoa mkungu huu! Asimame tumwone!"

Hakusimama mtu.

"Huyo ni mwanawe," jirani yangu akaniambia kwa sauti ya chini. "Alikwenda Dar kutafuta maisha, siku hizi hata simu hapigi. Kila mavuno mama anatoa kwa jina lake."

Mnadi hakuyajua hayo. "Yuko wapi? Asione haya!"

Tukainamisha vichwa. Mama akajishika kiuno, akainuka polepole. Nilidhani anakwenda kumweleza. Kumbe alikuwa anageuka kutazama barabarani.

Tulipiga makofi hivyo hivyo, na hakuketi mpaka yalipokwisha.

Wafadhili wanaotoa ili waonekane nimewazoea. Mama huyu alitoa ili mtu mmoja asimame.