Tulijifungua Wiki Moja, Nchi Mbili

Nilipokwenda kujifungua, ndugu zangu walishaanza kunong'ona habari za msiba.

Msiba ulikuja kweli. Ila ulikosea nyumba.

Mimi na dada yangu tulishika mimba karibu pamoja. Yeye alikuwa ng'ambo na mumewe. Mimi nilibaki nyumbani, na hospitali yetu sifa zake kila mtu anazijua: unaingia kwa miguu, unatoka kwa dua.

Dada alikuwa ananirushia video. Chumba cha peke yake. Kitanda kinapanda na kushuka kwa kubonyeza kidude. Wakunga wanatabasamu muda wote.

"Mdogo wangu, huku unazaa kama uko hotelini," akanicheka. "Wewe huko jikaze."

Mama akaguna. "Huyo sina wasiwasi naye. Wewe ndiye unayeninyima usingizi."

Uchungu ukanishika. Wodini tukalazwa wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu.

"Ukisukuma usinipige teke," mwenzangu akasema. "Mwanangu atazaliwa na nundu."

Tukacheka na maumivu yetu.

Muuguzi wa zamu tulimwita Kamanda. Alikuwa anafoka utadhani mimba tumempa yeye.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Baadaye kichwa kikaanza kugonga, machoni vimulimuli.

"Sista, kichwa..."

"Nyamaza! Lete mkono!"

Akanipima presha. Uso ukambadilika. Akaita daktari, nikadungwa sindano, na Kamanda akabaki pembeni yangu, anagomba, anapima, anagomba tena, mpaka presha ikashuka.

Mwenzangu hakuwa na bahati hiyo. Alijifungua, akavuja damu, na damu ya kumwongezea haikuwepo. Walimfunika shuka mimi bado niko upande wangu wa kitanda.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Kwetu si peponi.

Wiki hiyo hiyo dada naye akajifungua, binti. Kesho yake wakamruhusu, maua mkononi. Jioni akanipigia, sauti nzito.

"Kichwa kinaniuma, mdogo wangu. Naona nyota."

Ni dalili zangu zile zile. "Rudi wakupime presha! Sasa hivi!"

"Shemeji yako kashawapigia. Wanasema ni uchovu wa uzazi, ninywe maji, nilale. Wameongea kwa upole mpaka nimeona aibu kuwasumbua."

"Dada, wasumbue!"

"Kesho nikiamka hivi hivi, nitaenda."

Hiyo kesho hakuiona.

Shemeji alisikia kishindo bafuni. Akamkuta chini, anatupa miguu, povu mdomoni. Kifafa cha mimba. Kumbe hata ukishajifungua kinaweza kukufuata. Gari la wagonjwa lilifika na mashine zake zote, dada akiwa ameshakata roho.

Simu ilipoingia nyumbani, aliipokea mama. Akasikiliza. Akanigeukia, mimi nimekaa mbele yake nanyonyesha.

"Lakini wewe si uko hapa?" akaniuliza.

Akarudia. "Si uko hapa?"

Miezi yote alikuwa amejiandaa kunizika mimi. Moyo wake haukujua pa kuuweka msiba wa mwingine.

Shemeji alirudi na jeneza na kichanga. Alisimama mlangoni, mtu mzima, hajui amshike vipi mwanawe. Nikampokea. Titi moja mwanangu, titi la pili mwana wa dada.

Alinyonya kama aliyekuwa ananidai.

Leo wote wananiita mama. Mama yangu, hadi leo, akimwita binti huyo, jina la dada humponyoka mdomoni.

Watu huniuliza, wapi ni afadhali kuzalia? Kwetu wanafoka, damu hakuna. Kule wanatabasamu, mashine zimejaa. Mwenzangu alikufa huku, dada yangu akafa kule.

Ninachojua ni hiki: tabasamu halishushi presha. Mzazi akisema hajisikii vizuri, mwamini kwanza, mpime, ndipo umbembeleze.

Na wewe mwenye mimba, au uliyejifungua juzi, unayesoma hapa, ukiona nyota, rudi mlangoni mwa hospitali. Wasumbue.

Ukiitwa msumbufu, itika.