Fundi wa Majeneza Atafuta Kujulikana

Pale Mbuji, miaka ile tulipoanza kuitwa kijiji cha ujamaa, kila mtu alimjua Mansuetus na hakuna aliyetaka kumwona. Alikuwa fundi wa majeneza. Si kwamba aliyachagua. Useremala alifundishwa misheni Kigonsera, na dawati au mlango asingeshindwa. Lakini kazi ya milango inataka mdomo. Inataka mtu akae kilabuni, acheke, asifie mbuzi wa mwenzake. Mansuetus, akiona watu wanne wamesimama njiani, alikatiza kwenye mibuni ya jirani ili asiwasalimie. Maiti haitaki maongezi, basi maiti ndio wakabaki wateja wake.

Kisha kijiji kikajenga shule, na shule ikataka madawati. Kamati ilikuwa imchague fundi Jumapili baada ya misa. Mwingine aliyeitaka kazi hiyo alikuwa Wendelin, bingwa wa maneno, ambaye viti vyake vilianguka hata visipokaliwa. Lakini huyo alikuwa rafiki wa wote. Hata watu wa Kihagara kule ziwani walimletea dagaa wa usipa bure.

"Baba Zita, mimi nimechoka," alisema mkewe Bonifasia, huku akipepeta mahindi kwa hasira. "Kila nikila nyama, mtu kafa. Toka nje! Tembea! Watu wakujue!"

"Wananijua."

"Wanakujua wakilia. Nenda wakujue wakicheka."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Tangu atoke Kigonsera hakuwahi kutengeneza kitu ambacho hakikufukiwa. Alitamani, jamani, hata dawati moja tu, alale, aamke, alikute bado lipo.

Ijumaa akaenda kwenye kilabu cha pombe ya komoni. Mikono haikuwa na kazi, kwa hiyo alibeba futi yake, ile ya mbao ya kukunja. Akakaa. Kumtazama mtu usoni kulimtoa jasho, basi akawa anawatazama kuanzia miguuni, anapanda taratibu hadi utosini, halafu anashuka, huku anaikunjua futi na kuikunja.

"Habari zenu," akasema. "Mko... wazima?"

Mzee mmoja mwenye kikohozi alikimeza. Mwingine alijinyoosha mgongo, akajidai kijana. Kabla Mansuetus hajamaliza kikombe, kilabu kilikuwa kitupu na pombe imeachwa mezani, jambo ambalo Umatengo mzima haukuwahi kuliona.

"Umeanzia pabaya," Bonifasia alisema. "Anza na mkubwa. Mwenyekiti anaumwa malaria. Nenda kampe pole. Mtu hamsahau aliyemjulia hali."

Hapo Mama Zita alisema kweli tupu. Jumamosi Mansuetus akashika njia ya kwa mwenyekiti Hilari, akijikaririsha: Pole, Ndugu Mwenyekiti, Mungu atakujalia. Pole, Ndugu Mwenyekiti, Mungu atakujalia. Matilda, mke wa mwenyekiti, alimwingiza ndani huku akiikodolea macho futi aliyoishika. Mansuetus akasimama miguuni pa kitanda. Maneno yote yakamtoroka. Macho yakaanzia kwenye nyayo za mgonjwa, yakapanda. Futi nayo ikakunjuka mkononi, kacha, kacha, kacha.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "nimekuja mapema."

Loo! Matilda aliangua kilio. Wanawake wa ng'ambo ya bonde wakakisikia, wakakipokea, wakajifunga khanga viunoni na kuanza safari. Naye Hilari, ambaye hata chooni alikuwa anapelekwa kwa kushikwa, aliruka kitandani, akapita dirishani na kuteremka shamba la mashimo ya ngolo akiruka shimo baada ya shimo. Waombolezaji walipishana na marehemu njiani.

Mansuetus alirudi karakanani, akajilaza kwenye maranda, akalia kweli. "Basi, Mama Zita," alisema. "Nitawazika wote mpaka ifike zamu yangu." Safari hii Bonifasia alimpelekea uji tu.

Jumapili baada ya misa wakasikia hodi. Alikuwa mwenyekiti mwenyewe, amesimama nje, hataki kuvuka kizingiti. Kamati nzima ilikuwa nyuma yake, mbali kidogo, na Wendelin naye yumo, kimya kwa mara ya kwanza tangu abatizwe.

"Fundi, kamati imekaa," Hilari alisema. "Madawati ni yako. Yote. Na milango ya shule, na kabati la mwalimu."

Mansuetus alianza kuhesabu mbao kwa vidole vyake.

"Lakini lipo sharti, na wanakijiji wameliunga mkono kwa kauli moja. Usitutembelee tena. Kaa hapahapa kwako, piga kazi. Anayekuhitaji atakuja mwenyewe. Tumeelewana, ndugu yangu?"

Maisha yake yote Mansuetus alikuwa anamsubiri mtu amwambie maneno hayo. Aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga, na kwa furaha akaanza kumtazama mwenyekiti kuanzia miguuni. Hakufika magotini. Kamati nzima ilikuwa imeshaondoka.

Dawati la kwanza alilimaliza wiki hiyohiyo, akaliacha barazani, akaenda kulala. Alfajiri Bonifasia hakumkuta kitandani. Alimkuta nje kwenye umande, amekaa juu ya dawati lake, magoti yamegusa kidevu, anacheka peke yake.

"Mama Zita," alisema, "bado lipo."