Neno la Mwisho la Zaburi

Papa Hippolyte, mtembeza watalii, hakuwakosesha wageni wake maneno. Aliwaanzia stesheni, akawaonyesha reli iendayo Kabalo, akawashusha bandarini penye mashine kuukuu za kupakulia mizigo, akawasimulia enzi ambazo Kalemie iliitwa Albertville. Utani haukumwisha. Lakini saa sita ikikaribia alianza kuwaharakisha kama mtu aliyeacha sufuria motoni, maana lazima wafike monasteri, kule kilimani, kabla ya sala ya adhuhuri.

Walidhani anawapeleka kuona kanisa. Haya, kanisa ni zuri, lakini mzee alikwenda kusikiliza. Nyuma ya pazia zito waliimba watawa wasiotoka nje, na mmoja wao alikuwa Précieuse, binti yake wa pekee. Siku alipoaga kwenda utawani, baba yake, mjane aliyekuwa akingoja mkwe na wajukuu, alimwambia kwamba akivuka lango lile asimwite baba tena. Hakuhudhuria nadhiri zake. Hata jina jipya alilopewa huko hakulijua, na kwa ukaidi hakuuliza. Hasira hasara. Ilipomtoka, ikabaki aibu. Hakuthubutu kubisha hodi kama baba, basi akawa anaingia na wageni, wala hakuna mtawa aliyejua kuwa ana binti humo; walimwita Papa kama walivyomwita kila mzee.

Sauti ya mwanawe hakuweza kuikosea. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuimba kwaya, na tangu utoto Précieuse alivuta neno la mwisho hata wenzake walipokwisha kunyamaza. Papa Hippolyte akishausikia mvuto ule, alishuka mlimani moyo umetulia.

Alhamisi ile aliwaleta mume na mke kutoka Kinshasa. Langoni, Mama Éliane, mtawa mpokezi wa wageni, alikuwa na macho mekundu.

"Mutuombee, Papa. Dada yetu Marie-Espérance amekufa leo asubui. Malaria ilimupanda ku kichwa."

Papa Hippolyte alivua kofia, akatoa pole, akawageukia wageni na kuwatafsiria kwa Kifaransa, jina na yote, kama alivyowatafsiria habari za reli. Akaongeza kwamba malaria ya huku ziwani haina huruma. Kisha akaketi kwenye benchi lake karibu na pazia.

Watawa wakaimba. Mstari wa kwanza ukaisha, wote kwa pamoja. Wa pili ukaisha vilevile. Akajiambia labda mwanawe ana mafua, labda yuko jikoni. Zaburi ikafika mwisho na hakuna aliyelivuta neno. Hapo hofu ikamshika, akatoka akipapasa ukuta, akamwuliza Mama Éliane yule dada nyumbani kwao aliitwa nani.

"Précieuse," alijibu Mama Éliane akijifuta macho. "Yeye njo alikuwa anavuta wimbo. Si kila siku, hapana, siku unaleta wageni tu. Anachungulia ku pazia, anatuambia: 'Papa amekuja, muniachie neno la mwisho.'"

Wageni walikuwa wametoka, wakisubiri kuteremshwa mjini. Papa Hippolyte aliketi chini palepale langoni, kofia mkononi, akalia bila kujificha. Mama Éliane aliinama akamwuliza kama alimfahamu marehemu.

"Mimi njo baba yake," alisema. "Munifungulie, nimuone."