Uji Niliompa Mgeni wa Baiskeli

Nimekosa, ndugu msomaji, na kosa langu lilipikwa jikoni kwangu. Jina nalificha, kwa sababu kijijini kwetu, njiani kuelekea Geita, bado naletewa mbuzi kila mavuno kwa ajili ya kosa hilohilo.

Yalikuwa mashindano ya baiskeli ya siku kadhaa, kutoka Shinyanga kupitia Kahama hadi mgodini Geita. Wenye maduka waliwalipa waendeshaji, na mshindi angepewa ng'ombe. Sisi tusiojua hata kupanda baiskeli tulishinda barazani kwa fundi cherehani tukitabiri. Mimi nilimtaja Masanja, mtoto wa dada yangu. Wakwe zake walikuwa wanangoja mahari, naye hakuwa na ng'ombe wengine wa kutegemea ila hao. Nilitabiri kwa kelele hadi ungedhani pedali nitakanyaga mimi.

Jioni ya kuamkia siku ya mwisho Masanja aliingia kijijini wa kwanza, akafikia kwangu. Nyuma yake kidogo akaja Komba, mchimba dhahabu kutoka Songea, mwembamba, mpole. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akaniagiza nimlaze na yeye.

Hapo nikajiona mjanja. Masanja nikamchinjia mbuzi. Ugali wa mtama, nyama, maziwa mgando, kisha ugali tena.

"Mjomba, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Kula, mwanangu. Kesho unafuata ng'ombe."

Kwetu mpwa hasukumi sahani ya mjomba wake. Akala.

Komba nikaamuru apewe uji mwepesi tu, aishiwe nguvu njiani. Mke wangu akanivuta pembeni. "Mume wangu, mgeni ananusa nyama."

"Anuse."

Komba alikunywa uji wake, akashukuru, akalala. Masanja alikesha akishika tumbo.

Kesho yake nilidandia lori la pamba hadi Geita kumpokea mshindi wangu. Njiani tuliiona baiskeli yake imeegemezwa kwenye mti, mwenyewe yuko kichakani. Mbele kidogo tukaiona tena, kwenye mti mwingine.

Komba alishinda. Alipokabidhiwa ng'ombe aliniona kati ya watu, akaja kunishika mkono. "Shikamoo mzee! Ushindi huu ni wako. Ulinipa uji mwepesi, nikapanda vilima kama sina tumbo. Mwenzangu ulimlemeza na nyama. Mzee, wewe unazijua mbio."

Dada yangu alikuwa amesimama hapo hapo. "Kaka," akasema, "huyu mchimba dhahabu amekupa nini?"

Kukana kwamba nilimsaidia Komba ni kukiri kwamba nilimnyima mgeni chakula ndani ya nyumba yangu. Nikachagua kuitwa msaliti. Wakwe walichoka kungoja, binti akaolewa kwingine. Dada humsalimia mke wangu, mimi hunipita. Naumia, na aliyeniumiza ni mimi.

Komba hajui lolote. Kila mavuno huja na mbuzi na kusema, "Mzee, nimefuata uji." Tunampikia, mwepesi vilevile.

Ninyi mnaotabiri barazani, tabirini mpaka mkaukwe mate, ila msiingie jikoni kuusaidia utabiri wenu. Na mgeni mpeni nyama.

Juzi Komba alikuwa kwangu, mbuzi yuko motoni, Masanja akapita barabarani na baiskeli. Nikamwita aje ale. Alikanyaga pedali kwa nguvu ambayo sijapata kuiona, hata siku ile niliyomtabiria ushindi.