Muuguzi Aliyejifunza Kunong'ona

Saa moja na nusu asubuhi, umande haujakauka, Emilienne Mwamini anapanda kichuguu kilicho nyuma ya kituo chake cha afya. Simu iko mkononi. Mama mwenye mtoto mgongoni anamfuata polepole.

Juu ya kichuguu ndipo mahali pekee penye mtandao katika kijiji hiki, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka Kabambare. Emilienne anaziba mdomo kwa kiganja na kuanza kumweleza daktari hali ya mtoto. Mwandishi amesimama hatua kumi tu, lakini haambulii neno.

"Docteur Aristote ananisikia kule Kasongo," anasema baada ya kushuka. "Wewe ulitaka kusikia nini?"

Emilienne ana miaka arobaini na saba na amekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na miwili. Kwa muda mrefu alisifika kwa jambo moja zaidi: sauti. Akimwita mtu shambani, mashamba matatu yanaitika.

Miaka miwili iliyopita alianza kutibu kwa ushauri wa Daktari Aristote kwa simu. Barabara ikiharibika kwa mvua, hospitali ya Kasongo, aliko daktari huyo, ni siku mbili kwa pikipiki. Kisha likaja agizo la serikali: tiba ya simu iwe na kibali, na kabla ya kibali vikaguliwe vyeti vya daktari na muuguzi, na kama mahali penyewe siri ya mgonjwa inatunzwa.

Mkaguzi, Bwana Salomon, hakuona kasoro katika vyeti. Akamwomba Emilienne apige simu kama kawaida, naye akaenda kuketi na watu kwenye mashine ya kusaga mihogo, hatua hamsini kutoka hapo.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mzee mmoja. Ugonjwa wake hautaandikwa hapa. Kijiji kizima kiliusikia, inatosha.

"Ule mzee alipita njia ya nyuma, hakuniaga," anasema Emilienne, na kicheko chake kinakatika. "Nilisikia haya sana. Miaka yote ile nilikuwa natangaza watu, na mi sikujua."

Kibali kikakataliwa, akapewa miezi mitatu ya kujirekebisha bila kupiga simu hata moja ya tiba. Katika miezi hiyo wagonjwa kumi na mmoja walibebwa kwa pikipiki hadi Kasongo. Wote walirudi wazima, lakini mmoja alijifungulia njiani.

Aliyemfundisha kunong'ona ni mumewe, Fidèle, mkulima wa mpunga. Kila jioni Emilienne alisimama uani na kujifanya anaongea na daktari, Fidèle akakaa nyuma ya jiko. Akisikia neno, anagonga sufuria.

"Wiki ya kwanza niligonga mpaka jirani wakauliza kama kuna ndoa," anasema Fidèle. "Sasa hata nyumbani ananong'ona. Akiniita kula, chakula kinapoa."

Salomon aliporudi, aliketi palepale kwenye mashine, ikiwa imezimwa. Emilienne alizungumza na daktari robo saa nzima. Mkaguzi hakusikia kitu, akatia sahihi kibali cha mwaka mmoja, kwa sharti kwamba kichuguu kizungushiwe ua. Wanakijiji wameshaanza kukata matete.

Tangu hapo wagonjwa wameongezeka. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mwenye ugonjwa aliouficha miaka tisa.

"Nilimuuliza, 'Mama, mbona hukukuja? Uliogopa nini?'" anasimulia Emilienne. "Akaniambia, 'Ugonjwa sikuuogopa. Niliogopa sauti yako.'"

Macho yake yanalengwa na machozi, na hayafichi. Daktari Aristote amekwisha kupanga siku ya upasuaji Kasongo, na Emilienne amekusudia yeye mwenyewe kumsindikiza mama huyo, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwandishi anauliza jina la mgonjwa. Muuguzi anamtazama, kisha anacheka kwa sauti yake ya zamani, kuku wanatawanyika uani.

"Karatasi yangu ni ya mwaka mumoja, papa," anasema. "Unataka waninyang'anye leo?"