Stata Mpya, Abiria Wale Wale

Juzi nikiwa Kasulu, natafuta lifti ya kurudi Kitanga, nilimkuta fundi umeme kalala chini ya pikapu kuukuu ya mzee jirani yetu. Alikuwa anafunga stata mpya yenye nguvu, ya kuwashia injini.

"Mzee, zile nyaya zako nyembamba zingeungua," alisema, akivuta waya mnene kutoka kwenye betri. Waya mwingine aliukaza kwenye injini baada ya kukwangua kutu mpaka chuma kikang'aa. "Mambo ya kusukuma gari basi tena."

"Ego," mzee aliitikia kwa Kiha chetu, akipapasa boneti kama anabembeleza ng'ombe.

Tukapakia magunia ya maharage, tukapanda. Njiani mzee alisimama kumsalimia dada yake, akaegesha kwenye mteremko, kama kawaida yake. Aliporudi kwenye usukani, sisi abiria tulikuwa tumeshashuka, mabega tumeyaegemeza nyuma ya gari tayari kusukuma. Hakuna aliyetuambia.

"Haya, jamani!" mzee akapaza sauti, akazungusha ufunguo.

Gari liliwaka hapo hapo, likatimka na magunia yetu.

"Mzee, simama!" alipiga kelele mama mmoja, akikimbia na kandambili mkononi.

"Nikisimama litazima!"

Tulifika Kitanga kwa miguu. Mzee tulimkuta kwake, gari liko mteremkoni, injini bado inanguruma, mwenyewe anaogopa kuizima.

Fundi alibadilisha nyaya zote za gari. Zetu za kichwani hakuzigusa.