Muuguzi Aliyevua Glavu

Dada yangu alikuwa bado anatoka damu baada ya kujifungua, na wodi nzima ile ya wazazi, katika hospitali ya Nakawa, ilikuwa na muuguzi mmoja tu. Muuguzi huyo alipokuwa akimhudumia dada, askari mmoja, ambaye mkewe alilala kitanda cha jirani, alimfokea: "Wewe sista, mke wangu anaumia, na wewe unatembea kama uko sokoni!"

Muuguzi alivua glavu akaelekea mlangoni. Wenzake walikuwa wameshaacha kazi kwa matusi kama hayo, na niliogopa kwamba huyu naye harudi.

Kiongozi wa wodi alitoka ofisini, akasimama mbele ya askari. "Afande, huyu ni mtu wangu. Ukitaka kugombana, gombana na mimi." Kisha akamgeukia muuguzi. "Kunywa chai kwanza, mwanangu. Wagonjwa wako niachie."

Kiongozi akavaa glavu, akachukua sindano ya kuzuia damu.

"Mama, hiyo nimeshamchoma," muuguzi alisema kutoka mlangoni. "Sasa tumbo ndilo linataka kukandwa, damu ikate."

Muuguzi akarudi mwenyewe kulikanda. Dada aliguna kwa uchungu. Mimi niliitazama shuka mpaka doa la damu likaacha kupanuka.